Bega Limerudi, Je, Limepona? Maswali Yenu Kuhusu Kuteguka kwa Bega

Barua tulizopokea safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa raga, mieleka na judo, na wazazi wao. Tumezipanga kuanzia uwanjani, kwa sababu madhara mengi ya bega huongezeka pale pale, kabla mchezaji hajafika kwa daktari.

Mimi ni kocha wa timu ya raga ya vijana. Mchezaji akiteguka bega, wenzake hutaka kumvuta mkono palepale ili lirudi, na kusema kweli mara nyingine limerudi. Je, ni sawa? Kama si sawa, nifanye nini mpaka afike hospitali?

Usivute, kocha. Kwamba limewahi kurudi haina maana kuwa njia hiyo ni salama. Ina maana tu kwamba siku hiyo mlikuwa na bahati.

Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono ni kikubwa, na kikombe cha bamba la bega kinachokipokea ni kidogo na kifupi. Wakati wowote ule ni robo hadi theluthi tu ya kichwa inayogusana na kikombe. Kinachokizuia kisitoke ni pete ya gegedu iliyozunguka ukingo wa kikombe, ligamenti zilizo mbele ya kiungo, na kano za misuli minne midogo inayokizingira. Mara 95 hivi kati ya 100 kichwa hutokea mbele. Kikitoka hung'oa ile pete kutoka ukingoni, na jeraha hilo huitwa Bankart. Papo hapo upande wake wa nyuma hujigonga kwenye ukingo wa kikombe ukabonyea, na kibonyeo hicho huitwa Hill-Sachs. Yakumbukeni majina hayo mawili, tutayahitaji huko mbele.

Nguvu iliyotoa bega inaweza pia kuwa imevunja shingo ya mfupa, au kile kinundu cha nje ambapo kano hujishikiza. Ukivuta mkono wenye shingo iliyovunjika, mkono unakuja na kichwa kinabaki kwapani, na kazi ambayo daktari angeimaliza kwa dakika chache inageuka upasuaji wa vyuma na skrubu. Mbaya kuliko zote ni ile ya kumwekea mtu kisigino kwapani na kuvuta, kwa kuwa hapo ndipo zinapopita neva na mshipa mkuu wa damu wa mkono.

Simamisha mchezo. Kabla ya kushughulika na bega, uliza habari za kichwa na shingo: shingo inauma? Alipoteza fahamu hata kidogo? Anajua yuko wapi na mechi imefikia wapi? Maumivu ya bega ni makali kiasi kwamba watu husahau kukagua kilichogongwa pamoja nalo. Kisha tazama. Bega lililotokea mbele hupoteza uduara wake na kuwa na pembe, mkono hukaa mbali kidogo na mbavu, na mwenyewe huwa ameushikilia kwa mkono mzima. Ukimwambia aguse bega la pili huku kiwiko kikiwa kifuani, hawezi. Usimlazimishe.

Pima mambo matatu na uyaandike pamoja na saa: mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, rangi ya ukucha, ambayo ukiubonyeza na kuuachia inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2, na hisia kwenye ngozi ya nje ya bega, pale inaposhonwa beji ya sare. Gusa mabega yote mawili umuulize kama anahisi sawasawa. Sehemu hiyo huhudumiwa na neva ya kwapa, nayo ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi bega linapotoka. Daktari akijua kuwa hisia ilipotea kabla hajalishika bega, hataanza kujiuliza baadaye kama ni yeye aliyeidhuru.

Mkono ufungwe jinsi ulivyokutwa. Usiusukume uje kifuani. Jaza nafasi iliyo kati ya mkono na mbavu kwa jezi zilizokunjwa au mto mdogo, weka bandeji ya pembetatu, kisha zungushia nyingine kiwiliwilini ili usitikisike. Vua pete na saa kabla vidole havijavimba. Jezi ikatwe kwa mkasi, isipitishwe kichwani. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Asile wala asinywe, kwani huenda akahitaji dawa ya kumlaza. Asafiri akiwa ameketi, na mtu asilichue bega hilo hata kwa nia njema.

Kadiri muda unavyopita ndivyo misuli inavyokaza na kazi kuwa ngumu, kwa hiyo usingoje mechi iishe. Mkono ukiwa baridi, kucha zikiwa zimepauka, au mapigo yakikosekana, huyo ni mgonjwa wa dharura kabisa. Vivyo hivyo kwa wale wachache ambao mkono hukwama ukiwa umenyooka juu ya kichwa: usiushushe, mpeleke hivyo hivyo.

Daktari wa timu aliyefunzwa anaweza kulirudisha bega uwanjani ikiwa amelikagua, haoni dalili ya mfupa kuvunjika, na ni dakika za mwanzo. Hujaribu mara moja, polepole. Likikataa, anaacha. Na hata likikubali, eksirei ni lazima.

Mwanangu ana miaka 16, anacheza judo. Bega lilitoka, hospitali wakampiga eksirei, wakalirudisha, wakampiga nyingine. Kwa nini mara mbili? Na hiyo bandeji ya shingoni akae nayo mpaka lini? Usiku halali.

Mama, picha ya kwanza humwonyesha daktari bega limeelekea wapi na kama kuna mfupa uliovunjika. Ya pili huthibitisha kwamba limekaa mahali pake, na mara nyingine huonyesha ufa uliokuwa umefichika. Kila safari inatakiwa ipigwe zaidi ya pembe moja: ya mbele, pamoja na ya ubavuni mwa bamba la bega au ya kutokea kwapani. Picha ya mbele peke yake hudanganya, kama utakavyoona kwenye barua ya mwanamieleka hapa chini.

Bandeji ni ya wiki 1 hadi 3. Kazi yake ni kupunguza maumivu na kuipa misuli nafasi ya kutulia. Kuendelea kuivaa baada ya hapo hakupunguzi uwezekano wa bega kutoka tena, ila huligandisha. Hata ndani ya wiki hizo aitoe mara 4 au 5 kwa siku, akunje na kunyoosha vidole, kifundo na kiwiko, kila kimoja mara 10. Wapo madaktari wanaopendelea kuufunga mkono ukiwa umegeuzwa nje badala ya kulazwa tumboni. Tafiti za njia hiyo zimetoa majibu yanayopingana, basi usihofu kama mwanao hakufungwa hivyo.

Usiku alale akiwa ameegemea, mgongo ukiwa umeinuliwa kama nyuzi 30 hadi 45, na mto uwe chini ya kiwiko. Kinachomwamsha mara nyingi ni kiwiko kudondokea nyuma ya mwili, na kiwiko kikienda nyuma kichwa cha mfupa husukumwa mbele. Kunawa kwapa, ainame mbele aache mkono uning'inie wenyewe. Shati livaliwe kwa kuanza na mkono mgonjwa, na livuliwe kwa kumalizia nao. Kwa wiki 6 asiweke mkono nyuma ya kichwa, asirushe kitu, asinyooshe mkono kuchukua kitu kilicho nyuma yake.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi waziwazi: maumivu huisha muda mrefu kabla ya jeraha kupona. Wiki ya tatu atakwambia yuko sawa na atataka kurudi mazoezini. Katika umri wake, kwenye mchezo wa kugusana miili, uwezekano wa bega kutoka tena ni mkubwa. Tafiti nyingi zinauweka juu ya nusu. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia sasa, na umwombe daktari wa mifupa amwone tena kabla hajaruhusiwa kushikana na mwenzake.

Nilianguka kwa ncha ya bega kwenye raga. Kuna kinundu juu ya bega, kinauma nikikibonyeza, lakini mkono nauzungusha. Ni kuteguka huku huku?

Si huku. Maelezo yako yanaelekea kwenye kiungo cha mtulinga, pale unapokutana na bamba la bega. Bega lililotoka halizunguki. Majeraha ya kiungo hicho hupangwa daraja 1 hadi 6. Daraja la 1 na la 2 hutibiwa kwa bandeji siku chache mpaka wiki 2, kisha mazoezi, na wengi hurudi mchezoni kati ya wiki 2 na 6. La 3 mara nyingi huanza bila upasuaji. Kuanzia la 4 ni la mpasuaji. Eksirei itakuonyesha uko wapi, na itaondoa wasiwasi wa mtulinga uliovunjika. Kinundu chenyewe huenda kisiondoke, na si kosa la mtu.

Nina miaka 44, nacheza raga ya maveterani. Ni wiki 3 tangu nirudishiwe bega. Maumivu yamepungua sana lakini mkono haupandi. Nimeambiwa ni neva, nivumilie tu.

Inaweza kuwa neva, ndugu, ila katika umri wako kuna mshukiwa mwingine anayetakiwa kuondolewa kwanza: kano iliyochanika. Bega la kijana likitoka, kinachoachia kwa kawaida ni ile pete ya gegedu. Baada ya miaka 40, kano za misuli inayozunguka bega zimeshapungua uimara, na mara nyingi ndizo zinazochanika. Kano iliyochanika kabisa hurudi nyuma na misuli yake hugeuka mafuta taratibu, na ikishafika huko mpasuaji hana cha kushona. Usisubiri miezi 3. Omba kipimo cha ultrasaundi au MRI wiki hii.

Unaweza kupata dokezo wewe mwenyewe. Simama kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, sukuma kiwiko kwa nje dhidi ya ukuta, huku mkono wa pili ukipapasa misuli ya nje ya bega. Ikibaki laini, neva inashukiwa. Hisia ya ngozi haitoshi kukata shauri, kwa maana yaweza kuwa nzima na neva ikawa imeumia. Kisha, kiwiko kikiwa kimekunjwa ubavuni, mtu akugeuzie kiganja nje kisha akiachie. Kikirudi chenyewe tumboni bila wewe kuweza kukizuia, kano inashukiwa. Na vyote viwili vinaweza kutokea kwa pamoja.

Neva iliyovutwa bila kukatika mara nyingi hupona yenyewe ndani ya miezi kadhaa. Kipimo cha umeme wa neva na misuli huanza kuwa na maana kuanzia wiki ya 3 au ya 4, ndipo ulipo sasa. Ikipita miezi 3 bila dalili yoyote ya misuli kuamka, uonwe na mpasuaji wa neva. Faraja ni kwamba wa umri wako hawategukiteguki tena kama vijana.

Kwenye mieleka nilianguka mbele nikajizuia kwa mkono ulionyooka. Eksirei ikasomwa kuwa safi. Sasa ni wiki ya pili, mkono umegeukia ndani, siwezi kuugeuza nje, wala siwezi kugeuza kiganja kitazame juu nikinyoosha mkono mbele. Nafanya mazoezi ya kulainisha lakini inauma tu.

Acha mazoezi hayo leo, urudi hospitali. Dalili ulizoandika ni za bega lililotokea nyuma mpaka zithibitike vinginevyo. Kutokea nyuma ni nadra, 2 hadi 5 kati ya 100, na mara nyingi hakugunduliwi kwa sababu kwenye picha ya mbele kichwa cha mfupa huonekana kama kiko mahali pake. Msomaji makini huona kimekuwa duara kupita kawaida, kwa vile mfupa umegeukia ndani. Sema wazi kwamba unaomba picha ya kutokea kwapani. Kama mkono hauinuki kutosha kuipiga, basi kipimo cha CT. Watu wa kifafa na waliopigwa na umeme hupata jeraha hili hili, ndiyo maana daktari anaweza kukuuliza maswali yasiyohusu mieleka.

Haraka inahitajika kwa sababu mbele ya kichwa cha mfupa kuna kibonyeo, na kila unapojaribu kuugeuza mkono kinasagwa na kupanuka. Kibonyeo kidogo ndani ya wiki 3 bado kinaweza kuruhusu bega kurudishwa ukiwa umelazwa, bila kupasuliwa. Zaidi ya hapo milango inaanza kufungwa.

Shikamoo daktari. Nina miaka 19, nacheza raga ya ligi. Bega limetoka mara 2 ndani ya miezi 8. Mara ya pili lilirudi lenyewe nikamaliza mechi. Daktari mmoja anasema mazoezi yatatosha, mwingine anasema upasuaji. Zimebaki wiki 7 ligi iishe. Nifanye nini?

Marahaba. Tuanze na hilo la kurudi lenyewe, kwa sababu wachezaji hulihesabu kama nafuu. Si nafuu. Bega linalotoka na kurudi kwa urahisi limeshapoteza kizuizi chake cha mbele.

Madaktari wako wawili wanaweza kupatanishwa na hesabu. Mwaka 2007 wapasuaji Balg na Boileau walichapisha alama za kupima hatari ya bega kutoka tena baada ya kushonewa pete. Umri wa miaka 20 au chini wakati wa upasuaji: alama 2. Mchezo wa kiwango cha mashindano: 2. Mchezo wa kugongana au wa kurusha kwa mkono ulioinuliwa: 1. Mabega malegevu kwa asili: 1, yaani kiwiko kikiwa ubavuni mkono unageuka nje kupita nyuzi 85. Kibonyeo cha Hill-Sachs kinachoonekana kwenye eksirei ya mbele mkono ukiwa umegeuzwa nje: 2. Ukingo wa chini wa kikombe uliopoteza mchoro wake wa kawaida kwenye eksirei hiyo ya mbele: 2. Jumla ni 10. Kwenye kundi lao, waliozidi alama 6 mabega yao yalitoka tena kwa asilimia 70 baada ya kushonewa pete kwa kamera ndogo inayoingizwa ndani ya kiungo.

Wewe una alama 5 kabla mtu hajatazama picha yako. Ikionekana kasoro yoyote ya mfupa, uko 7.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa daktari lisiwe upasuaji au mazoezi. Liwe hili: nimepoteza mfupa kiasi gani? Kipimo cha CT chenye taswira ya pande zote ndicho kinachojibu. Zamani upungufu wa asilimia 20 hadi 25 ya upana wa kikombe ndio uliohesabiwa kuwa mpaka. Siku hizi wapasuaji wengi wa wanamichezo wanaingiwa na wasiwasi mapema zaidi, karibu na asilimia 13 au 14, kwa kuwa kuanzia hapo kushona pete tu kunaanza kuwaacha wachezaji na mabega wasiyoyaamini.

Kama mfupa ni mzima, pete hurudishwa ukingoni kwa kamera, ikishikizwa kwa nanga ndogo, aghalabu 3 au 4, au zaidi. Kibonyeo cha nyuma kikiwa kikubwa, kano ya jirani hushonewa ndani yake ili kisikwame ukingoni. Kama mfupa umelika, upasuaji unaotumika sana kwa watu wa raga ni wa Latarjet, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1954: kipande cha mfupa wa mbele wa bamba la bega hukatwa pamoja na kano zake na kufungwa kwa skrubu 2 kwenye ukingo wa kikombe. Huzuia kwa njia tatu kwa mpigo: mfupa huongeza upana wa kikombe, kano zake zinakaza mbele ya bega kila mkono unapoinuliwa kwenda nje, na ligamenti zilizolegea hushonewa humo. Mabega ya watu wa kugongana yaliyopasuliwa hivyo hutoka tena kwa nadra kuliko yaliyoshonewa pete tu. Gharama yake ni kwamba neva ziko jirani mno, skrubu zinaweza kusumbua, na mfupa unaweza kukataa kuunga, hasa kwa mvutaji sigara.

Hesabu muda wote vizuri. Bandeji wiki 3 hadi 6, shughuli za kawaida karibu na mwezi wa 3, kugongana karibu na mwezi wa 6 kwa pete iliyoshonwa. Kwa Latarjet ni mwezi wa 4 hadi wa 6, na si kabla ya picha kuonyesha mfupa umeunga.

Mazoezi peke yake je? Yanaimarisha misuli, na misuli husaidia sana wakati mkono haujafika mwisho wa mwendo wake. Lakini hayarudishi pete ukingoni. Mkono ukiwa umeinuliwa upande na kugeuzwa nje, mtu wa kilo 100 akiupitia, misuli hufika kwa kuchelewa. Daktari wako wa kwanza angekuwa sahihi kwa mtu wa miaka 35 anayecheza kwa kujifurahisha.

Kuhusu hizo wiki 7: wapo wanaocheza hadi msimu uishe kisha wakapasuliwa, na kwa mtu aliyeteguka mara moja, asiyepoteza mfupa, na aliyefaulu vipimo, jambo hilo linajadilika. Kwako wewe, mwenye mara 2 na bega linalorudi lenyewe, tunasema hapana. Kila likitoka linakula mfupa, na upasuaji uliokuwa wa kushona pete unaweza kuwa wa kukata mfupa kwa ajili ya mechi chache.

Uchague lolote, mpangilio wa mazoezi unafanana. Wiki za mwanzo ni kukaza misuli bila kusogeza kiungo: kiwiko ubavuni, taulo iliyokunjwa katikati, sukuma kiganja kwenye ukuta kwa nje kisha kwa ndani kwa nguvu ndogo, shikilia sekunde 5 hadi 10, mara 10, seti 3. Aliyepasuliwa aanze pale tu mpasuaji wake atakaporuhusu, kwa kuwa kuna kano na nyuzi zinazolindwa. Baadaye mkanda wa mpira, na mazoezi ya kuvuta mabamba ya bega nyuma na chini. Wengi hukosea hapa: wanarudi kwenye benchi ya vyuma wakishusha fimbo mpaka kifuani, viwiko vikipita nyuma ya mwili. Lala sakafuni badala yake. Sakafu itakizuia kiwiko. Pushapu huanza ukutani, kisha mezani, kisha chini, na ukifika juu ongeza kusukuma mgongo uelekee dari.

Usirudi kwa kalenda, rudi kwa vipimo. Mkono uende pande zote kama wa pili. Nguvu ya kugeuza nje na ndani ifike angalau asilimia 90 ya mkono mzima. Daktari akiuinua na kuugeuza nje usiruke kwa hofu. Hofu hiyo ni dalili, si woga. Kisha jaribio la pushapu: weka tepu mbili sakafuni, umbali wa sentimita 91, shika mkao wa pushapu mkono mmoja kwenye kila tepu, uvushe mkono mmoja mmoja kugusa wa pili kwa sekunde 15. Rudia mara 3, pumzika sekunde 45 katikati, chukua wastani. Chini ya 21, bado. Ukifaulu, anza na mfuko wa kukabia, kisha kukaba ukiwa umepiga magoti, kisha kwa mwendo wa kutembea, halafu kasi kamili, na kila hatua uipe angalau siku mbili za mazoezi bila bega kulalamika siku ya pili yake.

Pedi za mabega, tepu na vishikio vya bega: kipi kinazuia?

Pedi hupunguza michubuko. Hazizuii kuteguka, kwani bega halitoki kwa kugongwa ngozi bali kwa mkono kugeuzwa kama wenzo. Kwenye raga sheria huruhusu pedi laini tu, unene usiozidi sentimita 1 na ujazito usiozidi kilo 45 kwa mita ya ujazo, tena zifunike bega na mtulinga peke yake. Kishikio chenye bawaba, vifungo vya chuma au sehemu ngumu hakiruhusiwi, hata kama umeona wachezaji wa futiboli ya Marekani wakikivaa. Tepu humkumbusha mchezaji asiuinue mkono, na hulegea kwa jasho kabla ya kipindi cha kwanza kuisha. Tumia ukipenda, ila isihesabiwe kuwa ruhusa ya kucheza.

Nafundisha raga ya wasichana. Nataka kupunguza majeraha haya mapema. Nianzie wapi?

Kocha, anzia miguuni. Bega la mkabaji hutoka akiwa amechelewa: mpinzani ameshampita, anarusha mkono pembeni, mwili wa mpinzani unaubeba mkono huo nyuma. Kwa hiyo kasoro huonekana mkononi lakini chanzo chake ni hatua ya mwisho ambayo haikupigwa. Wafundishe wapige hatua moja zaidi, mguu wa upande wa bega linalogonga utue karibu na mpinzani, kichwa kikae upande wa nyuma ya mbeba mpira, bega lifike kabla ya mkono. Viganja vianzie mbele ya kifua, viwiko visionekane ukimtazama mchezaji kwa nyuma. Hicho ni kipimo kizuri cha kocha: simama nyuma ya mkabaji, ukiona kiwiko kimetoka nje ya mwili, rudia zoezi.

Mazoezi ya kukaba yawekwe mapema kwenye kipindi. Wachezaji waliochoka hukaba kwa mikono, na mazoea ya dakika za mwisho ndiyo wanayoingia nayo kwenye mechi.

Mfungaji naye ana namna yake ya kuumia: anaruka kufunga trai, mkono umenyooka juu ya kichwa, mpira unagusa chini huku mwili na mkabaji wakiendelea kwenda. Mpira ukumbatiwe kwa mikono miwili mpaka karibu na ardhi, na ashuke kwa ubavu. Katika kuanguka kwa kawaida, wafundishe kubingiria juu ya bega badala ya kujizuia kwa kiganja. Walimu wa judo wana mpangilio mzuri wa kufundisha hilo kuanzia kuchuchumaa, ukiweza mwombe mmoja aje.

Kwa nguvu, mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha: kugeuza mkono nje kwa mkanda wa mpira, seti 3 za mara 12 hadi 15, kulala kifudifudi na kuinua mikono iliyonyooka pembeni na juu, pushapu ya kusukuma mgongo, na kubeba uzito mkono mmoja ukitembea mita 20. Wachezaji wengi wana vifua vyenye nguvu na migongo ya mabega iliyo dhaifu, basi kwa kila zoezi la kusukuma weka la kuvuta, hata mawili. Mwanzoni mwa msimu muulize kila mmoja, faraghani, kama bega lake limewahi kutoka au kuteleza. Wanaoficha ni wengi kuliko wanaosema, na wale wanaoweza kulitoa bega kwa makusudi ili kuwachekesha wenzao waambiwe waache, kisha waonwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuingia kwenye mazoezi ya kukaba.